Wageni wangu wote husema fine

Kwa siku moja mlimani nalisikia neno fine mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Naongoza wageni Kilimanjaro, zaidi kwa njia ya Machame na ya Marangu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwauliza watu wazima kutoka nchi za mbali wanajisikiaje, kisha kuamua kama jibu walilonipa nilichukue au niliache. Asubuhi kwenye hema la chakula, fine. Mchana tukipumzika kwenye mawe, fine. Usiku wa manane tukipanda kuelekea Stella Point, karibu na kilele, maji yameganda kwenye chupa, bado fine. Nayaandika haya kwa vijana wanaoanza kazi ya mlima, na kwa yeyote anayehudumia wazungumzaji wa Kiingereza, awe mapokezi hotelini au zahanati, maana neno hili dogo nimeliona likimficha mgonjwa mbele ya watu wote waliokuja naye.

Wengi wetu tulilipata darasani. Mwalimu anaingia, tunasimama, Good morning, teacher. Anauliza How are you, nasi kwa sauti moja, We are fine, thank you, teacher, kisha tunakaa. Mwenye homa alijibu hivyo hivyo. Aliyekuja bila kunywa uji alijibu hivyo hivyo. Tuliambiwa fine ni nzuri, au ni sijambo, na kwa mtihani ilitosha. Nilipoanza kupanda mlima na Waingereza ndipo nikaona tulichofundishwa ni kipande tu.

Chukua hali ya hewa. Mgeni akikuuliza kama kesho itakuwa fine, hajakuuliza habari za afya ya mtu. Anataka kujua kama jua litawaka na mvua haitanyesha, na akikuuliza hivyo mwezi wa Aprili, masika yamekolea, inabidi umjibu ukweli kwa upole. Mpishi wetu naye alipewa karatasi ya mapishi na mgeni mmoja, imeandikwa vitunguu vikatwe fine. Hapo maana yake ni vidogo vidogo kabisa, na si vizuri vizuri. Vumbi linaloingia kwenye kamera za watu tukishuka ni fine dust, vumbi laini kama unga. Halafu kuna fine print, yale maandishi madogo mwishoni mwa mkataba. Hayo nawaomba wageni wangu wayasome kabla hawajapanda ndege, kwa sababu bima nyingi za safari zina kikomo cha urefu wa mlima, na mtu anaweza kudhani amekatiwa bima ya helikopta hadi kileleni kumbe imeishia chini sana ya hapo. Nimeshakaa na familia kwenye simu wakisoma maandishi hayo kwa mara ya kwanza mgonjwa akiwa tayari yuko kwenye machela. Si wakati wa kujifunza Kiingereza ule.

Na ipo fine ambayo tumeshaifanya yetu: faini. Nilijiuliza kwa muda inakuwaje neno moja liwe ni uzuri na wakati huohuo liwe ni adhabu ya fedha. Kumbe asili ni moja, Kilatini finis, yaani mwisho. Faini yalikuwa malipo ya kumaliza shauri, ukilipa kesi imeisha. Na kitu kilichofikishwa mwisho wake, kikakamilika bila dosari, Wafaransa wa zamani walikiita fin, Waingereza wakakipokea kuwa fine. Final na finish ni ndugu wa ukoo huohuo. Wanaoimba kwaya kwa nota watalikuta limeandikwa pale wimbo unapotakiwa kuishia: Fine. Hilo ni la Kiitaliano na hutamkwa fi-ne, kama vile Mswahili angelisoma bila kufundishwa na mtu.

Maana hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, kwa sababu anayesema I'm fine mara nyingi sana anataka maongezi yaishe. Hapo ndipo tunapopishana na wenzetu. Sisi salamu ni mlango, unaingilia hapo kwenda ndani. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mama anaendeleaje? Anaendelea vizuri, ila mguu bado unamsumbua. Hilo ila ndilo habari yenyewe, na kila mtu anajua lazima lisubiriwe. Hata msibani mtu ataanza na nzuri, kisha ndipo aseme kilichotokea. Mzungumzaji wa Kiingereza akishasema fine hana ila inayofuata. Ukisimama unaisubiri, anakutazama akidhani umesahau ulichotaka kusema. Wageni wangu si watu wa siri, wala hawatudharau. Wamelelewa kuamini kwamba kumweleza mtu matatizo yako bila kuulizwa mara ya pili ni kumtwisha mzigo, na hilo ni adabu yao kama ilivyo adabu yetu kuuliza habari za watoto kabla ya kuuliza bei.

Kuna kijana wetu wa mezani, mtu mwenye bidii sana, alimuuliza mama mmoja wa Kiingereza kama amwongezee supu. Mama akatabasamu, akasema I'm fine. Kijana akamjazia bakuli hadi juu. Mama akainywa yote kwa heshima, na kesho yake ikawa hivyo hivyo. Ilibidi nimvute pembeni kijana, nimweleze kwamba ukimpa mtu kitu akajibu I'm fine, hiyo ni hapana, asante, nimetosheka. Ukimwomba radhi kwa kuchelewesha maji ya kunawa akasema it's fine, anasema hamna shida, japo hapo sikiliza sauti, kuna hamna shida ya kweli na kuna hamna shida ya mtu aliyechoka kusubiri. Ukimwomba ruhusa akasema that's fine, amekubali. Na wakiwa mke na mume wanabishana kama waendelee au wapumzike, kisha mmoja akasema Fine. peke yake, fupi, sauti ikishuka mwishoni kama jiwe, usije ukadhani wamepatana. Hiyo ni basi, fanya unavyotaka. Hapo mimi hutangaza mapumziko ya chai.

Wapishi nao huumizwa na neno hili bila sababu, au hujiona wamesifiwa kumbe halikuwasifu. Nimegundua mahali linapokaa ndipo panapoamua. Likitangulia kitu, ni sifa kubwa: a fine view, a fine man, a fine meal. Likibaki nyuma, limepoa. Uliza chakula kilikuwaje, ukijibiwa it was fine, ujue kililika, hakuna zaidi ya hapo. Mpishi wangu wa zamani alikuwa akifurahi sana kusikia hivyo, nami niliona ni haki yake kujua, kwa sababu yeye ni fundi na fundi anataka kazi yake isemwe ilivyo. Tulipozungumza hakukasirika. Alipunguza mafuta kwenye viazi na kuongeza tangawizi kwenye supu, na wiki hiyohiyo akaanza kusikia lovely na delicious.

Mpaka hapo hakuna aliyekufa. Sasa nije kwenye urefu.

Uhuru, kilele chenyewe cha Kilimanjaro, iko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa pale ni karibu nusu ya lile la Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, ndiyo maana tunaimba pole pole tangu getini, na ndiyo maana njia ya Machame inawapandisha watu hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha inawashusha kulala Barranco, mita mia kadhaa chini yake. Anayepandishwa haraka kuliko mwili wake unavyoweza huanza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula au kutapika, kulegea, kuona kizunguzungu. Hayo manne ndiyo yanayoulizwa kwenye kipimo kinachoitwa Lake Louise, kila moja kuanzia 0 hadi 3, na tangu kiliporekebishwa mwaka 2018, mtu aliyepanda hivi karibuni akiwa na maumivu ya kichwa na jumla ya 3 au zaidi anahesabiwa ana ugonjwa wa mwinuko. Wengi hupona wakipumzika bila kupanda zaidi. Wachache huzidiwa: maji hujaa kwenye mapafu, mtu anahema hata akiwa amekaa, au ubongo unavimba, anaanza kuyumba na kuchanganyikiwa. Hapo dawa ya kwanza ni kushuka. Oksijeni ya chupa na vidonge vinasaidia ukiwa unashuka, havichukui nafasi ya kushuka.

Tatizo ni kwamba kipimo chote hicho kinaanza na mgonjwa kusema. Naye ni mtu aliyelelewa kusema fine.

Mzee mmoja mstaafu kutoka Uingereza alipanda nasi pamoja na mwanawe. Siku za mwanzo alikuwa mtu wa hadithi, kila mapumziko anatueleza habari za mbwa wake na bustani yake, wagumu, yaani wapagazi wetu, walimpenda. Tulipofika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, alikuwa amenyamaza. Nikamuuliza kama kawaida. Fine, fine, absolutely fine, akasema, na kwa sauti nzuri tu. Nikatazama sahani yake. Wali hakuula, alikuwa ameutandaza sahani nzima kwa uma ili uonekane umeliwa. Glavu ya kulia alikuwa ameivaa mkono wa kushoto, kidole gumba kinaning'inia kitupu. Akawa anajaribu kufunga zipu ya koti, anaikosa, anarudia, anaikosa, bila kuonekana kusumbuliwa na jambo hilo hata kidogo. Nilichora mstari kwenye vumbi kwa fimbo nikamwomba atembee juu yake, kisigino kiguse ncha ya kidole kila hatua. Hatua ya tatu akatoka nje ya mstari, ya nne nikamdaka.

Hatukungoja jioni. Tulimwekea oksijeni, msaidizi wangu na wagumu wawili wenye nguvu wakaanza kumshusha kwa njia ya Mweka, mwanawe akaamua kushuka naye. Usiku ule mzee alikuwa amekwisha rudi katika akili zake, akadai uji, akawa na hasira juu yangu: nilikuambia niko fine! Tulipokutana getini aliniambia jambo ambalo nimewasimulia vijana wote niliofanya nao kazi tangu siku ile. Alisema hakuwa ananidanganya. Pale Barafu alijiona mzima kabisa, amechoka kidogo tu kama mtu yeyote, na alishangaa kwa nini nilikuwa na uso ule.

Mtu aliyekosa oksijeni anapoteza kwanza kile kiungo anachotumia kujipima. Akili inayotakiwa iseme siko sawa ndiyo hiyo isiyo sawa. Kwa hiyo anayekuambia fine kwa uhakika mkubwa kuliko wote kambini huenda ndiye wa kushushwa, na anayelalamika kichwa, tumbo, mguu na hema linalovuja, huyo mara nyingi atafika Uhuru na atashuka salama, kwa sababu habari zake zote unazo.

Wapo pia wanaojua wanaumwa na wanaficha kwa makusudi. Siwalaumu. Wamelipa fedha nyingi, wengine wameweka akiba miaka. Wengine wamechangisha fedha za hospitali au shule kwao, wakawaahidi majirani na wafanyakazi wenzao kwamba watapiga picha kwenye kibao cha kileleni. Mwingine anaogopa kuwa yeye ndiye atakayewarudisha nyuma rafiki zake. Kwa watu wa namna hiyo fine ni ombi: tafadhali usinirudishe. Nami nimejifunza kuwajibu lile ombi lenyewe. Jioni ya kwanza kabisa, tukiwa bado chini kwenye msitu, nawaambia wote kwamba maumivu ya kichwa si sababu ya mimi kumrudisha mtu, na kwamba anayeniambia mapema ninamsaidia afike, nampunguzia mwendo, namwongezea maji, nampa siku ya kupumzika ikiwezekana. Anayenificha ndiye nitakayemshusha akiwa kwenye machela. Wakiliamini hilo, kuanzia kesho yake neno fine linapungua kambini, na nafurahi kila linapopungua.

Pia nimeacha kuuliza How are you mlimani, isipokuwa kama salamu. Swali hilo lina jibu lililopikwa tayari, mtu analitoa kabla hajajisikiliza. Wala siulizi Did you eat, kwa sababu jibu ni yes hata kwa biskuti moja. Nauliza What did you eat, umekula nini, na anayekumbuka viazi, karoti na nusu ya yai amekula kweli. Umelala saa ngapi na uliamshwa na nini. Umekojoa mara ngapi tangu asubuhi. Mwanzo huona aibu, baadaye wanashindana kunitangazia. Na jioni, kila mtu mezani namwomba anitajie jambo moja ambalo leo halikuwa sawa, hata dogo: What was the worst thing today? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa fine. Mmoja akisema kidole cha mguu, wa pili akasema baridi, wa tatu anapata ruhusa ya kusema kwamba tangu saa nane mchana anaona vitu viwili viwili.

Aliyelala naye hema moja namuuliza kando, kwa sababu mke husema juu ya mume kile ambacho mume hatasema, amekohoa usiku kucha, hakugusa maji. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni natumia, lakini namba peke yake haitoshi, watu hutofautiana na vidole vya baridi huidanganya mashine. Namtazama mtu anavyofunga kamba za viatu.

Nilipokuwa nimeshazoea kuwahoji wageni namna hii, mgumu mmoja, kijana wa kutoka Rombo, alinipita njiani tukielekea kambi ya Shira, mzigo wake kichwani. Shikamoo, mkuu. Marahaba, vipi? Freshi. Nikaendelea na safari. Baada ya hatua chache nikageuka nikamtazama anavyotembea. Midomo ilikuwa imekauka, anahesabu hatua. Nikamwita tukakaa kwenye jiwe. Tangu jana mchana alikuwa hajala kitu kikakaa tumboni. Kwa nini hukusema? Akanyamaza kidogo. Mkuu, nikishushwa siku zinakatwa.

Poa, freshi, safi, shwari: tunazo zetu, tena nyingi. Kijana anayetoka Moshi mjini, karibu mita 900, anapandishwa siku zilezile na mgeni, na mwili wake nao unataka muda kama wa mgeni, isitoshe ana mzigo kichwani. Kanuni ya hifadhi inasema usizidi kilo 20 na getini tunapima, ila hakuna anayempima yeye. Ana sababu nzito zaidi ya kusema freshi kuliko sababu ya mgeni kusema fine, kwa kuwa mgeni anaogopa kukosa picha na yeye anaogopa kukosa ada ya shule ya mdogo wake.

Tangu hapo nilikubaliana na ninaofanya kazi nao kwamba mgumu atakayeshushwa kwa ugonjwa analipwa safari nzima, na fungu lake la bakshishi analipata kama waliofika. Bila hilo maswali yangu yote yangekuwa kelele, maana huwezi kumwomba mtu akuambie ukweli huku ukweli huo unamnyima chakula. Jioni napita kwanza hema la jikoni kabla sijaenda kwa wageni. Kifaa cha kidoleni kinazunguka kwa wapishi, kwa wagumu, kwa yule wa kuchota maji. Nauliza umekula nini, ulilala saa ngapi, nani alikohoa usiku, kwa Kiswahili sasa. Mwanzo walicheka, wakasema mkuu anatufanya wazungu. Siku hizi wananiambia wenyewe: mkuu, fulani leo hajala.